Watu wasiomiliki hisa za mgodi wangu wanaziuza. Niuze nami, au niongeze?

Dada Mshauri,

Salamu, na pole kwa kazi. Nimekuwa nikisoma safu yako muda mrefu bila kuandika, lakini leo nimeshindwa kunyamaza.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikinunua kidogo kidogo hisa za kampuni changa ya kutafuta dhahabu. Imeorodheshwa Kanada, na pia Marekani. Haijaanza kuchimba, bado inachoronga, inapima sampuli na kutangaza matokeo. Hadi sasa nina hisa 14,000. Hizo si fedha za kuchezea, ni sehemu kubwa ya akiba yangu. Na kuna zaidi: nilimshawishi shemeji yangu, naye akaingia.

Miezi miwili hivi iliyopita bei ilikuwa imetulia. Kampuni ikatangaza kwamba imeuza hisa mpya milioni 15 kwa wawekezaji wachache, kila hisa ikiambatana na nusu waranti, ili ipate fedha za kuendelea na uchorongaji. Sikuona ubaya. Tangu hapo bei imeshuka karibu theluthi, ingawa matokeo ya uchorongaji yaliyotoka wiki tatu zilizopita yalikuwa mazuri. Nikaanza kutafuta sababu, nikakutana na orodha ya Kanada ya hisa zilizouzwa kwa kuazima. Nilishtuka. Kabla ya mauzo yale ya hisa mpya zilikuwa milioni 2.1, sasa ni milioni 9.6. Kampuni nzima ina hisa milioni 200, na kati ya hizo milioni 80 wameshikilia waanzilishi pamoja na kampuni moja kubwa ya madini, hawauzi. Kisha nikakuta takwimu nyingine, ya Marekani, inayosema kwamba siku moja ya wiki iliyopita asilimia 47 ya mauzo ya hisa zetu yalikuwa ya aina hiyo. Karibu nusu!

Wenye hisa wenzangu wamegawanyika. Kuna wanaosema mtu mwenye nguvu ameamua kuiua kampuni, tutoke mapema. Wengine wanasema hii ni neema, kwamba wote waliouza lazima siku moja wanunue ili warudishe, na wakibanwa bei itapaa kama ilivyopaa ya Volkswagen. Hao wanatuhimiza tuweke oda za kuuza kwa bei ya juu mno, eti dalali asiweze kuziazimisha hisa zetu. Shemeji ameshika upande huo wa pili. Anataka kukopa ili aongeze, na anasubiri neno langu kwa sababu mimi ndiye niliyemwingiza.

Nisaidie kuelewa namba hizi zinasema nini. Na nimjibu nini shemeji?

Mwenye hisa asiyelala

*

Kaka yangu,

Kabla ya yote, usimruhusu shemeji akope. Mpigie leo. Umwambie hujafikia uamuzi bado, na mpaka mtakapoufikia pamoja asiongeze hata hisa moja kwa fedha ya mkopo. Kampuni inayotafuta dhahabu haina mapato. Bei yake inaweza kulala chini mwaka mzima bila kosa la mtu, na mkopo hausubiri.

Sasa tuzungumze namba, kwa sababu mbili ulizonitajia hazihusu kitu kimoja, na nadhani hapo ndipo usingizi ulipokukimbia.

Mtu anayeuza kwa kuazima huchukua hisa za mwingine kupitia dalali, akaziuza leo, akitarajia kuzinunua baadaye kwa bei ya chini na kuzirudisha. Tofauti ya bei ndiyo faida yake baada ya kutoa ada ya kuazima. Gawio likitoka katikati, yeye ndiye anayemlipa aliyemwazima. Bei ikipanda, hasara yake haina dari. Masokoni wengi huita biashara hii shoti, nami nitatumia neno hilo kwa ufupi.

Zile milioni 9.6 ni salio la shoti: hisa zilizoazimwa, zikauzwa, na mpaka siku ya kuhesabu hazijarudishwa. Hilo ni deni lililo wazi. Ile asilimia 47 ni mauzo ya shoti ya siku moja, na hiyo unaweza kuiweka kando. Unapobonyeza kitufe cha kununua, mara nyingi anayekuuzia ni mtengeneza soko, yaani kampuni ambayo kazi yake ni kuwa tayari kununua na kuuza muda wote. Huenda wakati huo hana hisa hata moja. Anakuuzia kwanza, kisha dakika chache baadaye ananunua kwa mwingine na kusawazisha vitabu vyake. Katika takwimu za siku, mauzo yale yamehesabiwa kuwa shoti. Jioni inapofika hadaiwi kitu. Ndiyo maana kwa hisa nyingi za Marekani namba hiyo hucheza kati ya asilimia 40 na 50 hata pale ambapo hakuna mtu mwenye nia mbaya nazo. Huenda wewe mwenyewe, kwa kununua, umewahi kuipandisha.

Basi tubaki na salio. Milioni 9.6 kati ya hisa milioni 200 ni asilimia 4.8. Lakini zile milioni 80 hazizunguki sokoni, kwa hiyo kipimo cha haki ni milioni 120 zilizobaki, na hapo tunapata asilimia 8. Kisha chukua wastani wa hisa zinazouzwa na kununuliwa kwa siku. Hukunitajia, lakini tuseme ni 800,000. Gawanya: milioni 9.6 kwa 800,000 ni siku 12. Hizo ndizo siku za kurudisha, yaani siku ambazo wenye shoti wangehitaji kama wao peke yao ndio wangekuwa wanunuzi wote. Asilimia 8 na siku 12 kwa kampuni ndogo ni namba ya kuangaliwa kwa makini, ingawa haijafika pa kutisha.

Tahadhari moja hapa. Ulichosoma ni orodha ya Kanada. Kampuni yenu imeorodheshwa pia Marekani, na kule kuna hesabu yake, inayokusanywa na FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa kule, mara mbili kwa mwezi na kutangazwa siku kadhaa za kazi baadaye. Kanada nako salio hutolewa mara mbili kwa mwezi. Jumlisha salio la pande zote mbili, na ujumlishe pia mauzo ya kila siku ya pande zote mbili, la sivyo utagawanya namba ya nchi moja kwa soko la nchi nyingine. Australia, ambako wachimbaji wengi wameorodheshwa, taarifa hutolewa kila siku, ikiwa nyuma kwa siku nne za biashara. Popote pale unachosoma kimeshapita. Soko limekwishasonga.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Kuna sentensi uliyoipita haraka, ukaimalizia kwa kusema hukuona ubaya. Mimi niliisoma mara tatu: kampuni imeuza hisa mpya milioni 15 kwa wawekezaji wachache, kila hisa na nusu waranti. Na salio la shoti likapanda kwa milioni 7.5 baada ya hapo.

Fikiria umekaa kwenye kiti cha mwekezaji aliyenunua hisa hizo. Nchini Kanada, hisa zinazouzwa kwa njia hiyo ya faragha kwa kawaida hufungiwa miezi minne na siku moja kabla hazijaruhusiwa kuuzwa sokoni. Amezipata kwa bei yenye punguzo kidogo. Juu yake amepewa waranti, yaani haki ya kununua hisa nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Wako wanaonunua kwa sababu wanaamini kuna dhahabu chini, na hao watasubiri. Lakini wako pia ambao dhahabu haiwahusu. Wanachotaka ni waranti, kwa sababu haiwagharimu kitu na inaweza kuwa na thamani kubwa mgodi ukipatikana. Huyu wa pili hufanya nini? Anaazima hisa zilizo huru, anaziuza sokoni sasa hivi, na fedha yake inarudi mfukoni. Miezi minne ikiisha, zile hisa zake zilizofungiwa zinafunguka, anazitoa kulipa deni. Mkononi anabaki na waranti, bila hofu ya bei kushuka.

Ukiitazama kutoka nje, utaona hivi: salio la shoti linapanda wiki chache baada ya fedha kupatikana, bei inalegea hata habari zikiwa nzuri, kisha siku za kizuizi zikiisha salio linaporomoka bila bei kupanda. Wenzako wanaosubiri mbano watabaki wanashangaa. Waliouza hawakununua chochote sokoni. Walirudisha hisa ambazo kampuni yenyewe iliwauzia.

Nimekaa muda mrefu hapa kwa sababu ndipo mahali kampuni changa za madini zinapotofautiana na nyingine. Mwenye duka akiishiwa, anauza bidhaa. Mtafutaji wa madini hana cha kuuza ila hisa zake mwenyewe, na lazima aziuze tena na tena, miaka na miaka, kabla hata ya kusaga tani ya kwanza ya mwamba. Kila anapokwenda kutafuta fedha, anazaa sababu ya mtu kuuza shoti. Mimi mwenyewe niliwahi kushikilia hisa za kampuni ya shaba, nikaona salio linapanda mwezi mzima, nikawalaumu wauzaji. Wiki mbili baadaye kampuni ikatangaza toleo la hisa mpya kwa bei ya chini kuliko ya sokoni. Hesabu ya fedha taslimu ilikuwa kwenye taarifa yake ya robo mwaka muda wote huo. Sikuwa nimeifungua. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo huanza na ukurasa huo.

Siwezi kukuhakikishia kwamba ndivyo ilivyo kwa kampuni yenu. Ninachosema ni kwamba tarehe na ukubwa vinaendana: milioni 7.5 zinaenea vizuri ndani ya milioni 15, na muda ndio huohuo. Kuna njia ya kupima. Muulize dalali wako ada ya kuazima hisa hiyo ni kiasi gani kwa mwaka. Ikiwa ni ndogo, asilimia moja au mbili, hisa za kuazima zipo tele na hakuna anayezigombania. Ikiwa imepanda hadi makumi ya asilimia, kuna watu wanaolipa ghali ili wakae upande wa kushuka, na mtu halipi ghali hivyo bila kuwa na hoja. Hapo utataka kuijua hoja yao.

Sababu nyingine za salio kupanda nitazipitia haraka. Kampuni iliyokopa kwa hatifungani zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa huwa na salio kubwa daima, kwa kuwa wakopeshaji huuza shoti ili kujikinga. Kampuni inayomnunua mwenzake kwa kumlipa hisa nayo huuzwa shoti. Newmont ilipoinunua Newcrest mwaka 2023 kwa hisa 0.400 zake kwa kila hisa ya Newcrest, mkataba wa namna hiyo humwalika mfanyabiashara kununua anayenunuliwa na kuuza shoti anayenunua, ili avune tofauti ndogo iliyobaki. Hana neno na mgodi wa yeyote kati yao.

Na wako wanaoitumia kampuni kama mlango wa kufikia madini yenyewe. Mfano mzuri ni Pilbara Minerals ya Australia, mchimbaji wa lithi. Katikati ya 2023 ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 3 za Australia taslimu. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2024 zaidi ya hisa moja katika kila tano ilikuwa imeuzwa shoti. Kampuni haikuwa na kasoro kubwa iliyofichwa. Tani ya kaboneti ya lithi nchini China, iliyokaribia yuan 600,000 mwezi Novemba 2022, ilikuwa imeanguka hadi karibu 100,000, na aliyetaka kufaidika na anguko hilo alihitaji hisa kubwa, rahisi kuazima na rahisi kuuza. Pilbara ilikuwa nazo. Kisha Agosti 2025 kampuni ya betri ya CATL iliposimamisha uchimbaji katika mgodi wake wa Jianxiawo, leseni ikiwa imekwisha muda, bei ya lithi ikapanda na hisa za wachimbaji wa lithi zikaruka. Waliouza shoti waliumizwa na habari ya madini. Wenye hisa kuhimizana hakukuwa na mkono katika hilo.

Ndipo tunafika kwenye Volkswagen ya wenzako. Ilitokea kweli. Tarehe 26 Oktoba 2008 Porsche ilitangaza kwamba ina asilimia 42.6 ya hisa za Volkswagen na mikataba iliyofunga asilimia 31.5 zaidi. Jimbo la Lower Saxony lilikuwa na takriban asilimia 20. Piga hesabu: zilizobaki sokoni hazikufika asilimia 6, wakati zilizouzwa shoti zilikuwa karibu mara mbili ya hapo. Hisa za kurudisha hazikuwepo! Siku mbili baadaye bei ilipita euro 1,000 kwa muda mfupi, na kabla wiki haijaisha ilikuwa imepoteza karibu nusu ya kilele hicho. Linganisha na kwenu. Wanaodaiwa milioni 9.6 wana bahari ya milioni 120 ya kununua, na kampuni yenyewe ina kila sababu ya kuchapisha hisa nyingine bei ikipanda kidogo tu. Katika madini bei ikiruka, wa kwanza kuinuka mara nyingi ni mkurugenzi wa fedha, kwa kuwa hiyo ndiyo nafasi yake ya kupata fedha kwa bei nzuri. Marekani ina kanuni inayomzuia aliyeuza shoti ndani ya siku tano za kazi kabla ya toleo la hadhara kupangiwa bei asinunue katika toleo hilo, na yenyewe inaonyesha jinsi kishawishi cha kufunga deni kwa hisa mpya kilivyo kikubwa.

Kuhusu ile oda ya kuuza kwa bei ya juu mno: haizuii kitu. Kinachoamua kama hisa zako zinaazimishwa ni aina ya akaunti na mkataba uliousaini. Ikiwa ni akaunti ya mkopo, ambapo dalali hukupa fedha ya kununulia, kwa kawaida umemruhusu kuziazimisha. Ikiwa ulilipa taslimu zote na hukujiunga na mpango wa kuazimisha, zimekaa kwako. Soma mkataba wako. Hilo linakuhusu hata pasipo shoti, kwa sababu aliye kwenye akaunti ya mkopo anaweza kuuziwa hisa zake kwa lazima bei ikianguka, na sitaki likukute.

Wale wanaosema mtu anaiua kampuni nao nisiwapuuze, maana wauzaji wa shoti huwa na haki wakati mwingine. Mwaka 1997 Bre-X ya Kanada, iliyokuwa imethaminiwa kiasi cha dola bilioni 6 za Kanada kwa dhahabu ya Busang nchini Indonesia, iliporomoka baada ya Freeport-McMoRan kuchoronga upya mwezi Machi na kukuta dhahabu isiyo na maana. Mwezi Mei wakaguzi wa Strathcona wakathibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimechezewa. Kabla ya hapo aliyetilia shaka alionekana adui. Watu wa kawaida waliopoteza akiba wangefaidika sana kama wangezisikia mapema shaka hizo na kuzipima kwa utulivu. Kwa hiyo mtu akitoa hoja ya wazi dhidi ya kampuni yako, isome yote. Tazama anasema nini kuhusu sampuli, maabara, vibali na makadirio ya akiba ya madini, kisha ulinganishe na ripoti ya kiufundi ya kampuni. Tangu 2001 Kanada ina kanuni za NI 43-101 zinazodai mtaalamu mwenye sifa aweke jina lake kwenye taarifa hizo, na msukumo wake ulitokana na mkasa huohuo.

Je, uuze? Namba hiyo peke yake haitoshi kukufanya uuze, wala haitoshi kukufanya uongeze. Fungua taarifa ya fedha ya robo mwaka ya mwisho. Tafuta fedha taslimu zilizobaki, pamoja na zilizoingia kutokana na hisa milioni 15. Tafuta kiasi kilichotumika katika robo hiyo. Gawanya, kisha zidisha kwa tatu, upate miezi iliyobaki kabla ya kampuni kurudi sokoni kuomba. Ikiwa ni mwaka na zaidi, na ada ya kuazima ni ndogo, mimi ningekuwa wewe ningekaa na hisa nilizo nazo na kuzitazama tena kizuizi kitakapoisha. Ikiwa ni miezi minne au mitano, toleo jingine liko njiani kwa vyovyote, kwa bei ya sasa iliyoshuka, na sehemu yako ya mgodi itapungua tena. Hapo ningepunguza, hasa kwa kuwa umeniambia ni sehemu kubwa ya akiba yako. Hilo la mwisho lilinisumbua kuliko salio lolote la shoti. Hata Pilbara ilipokuwa na mabilioni isingefaa kubeba akiba ya mtu mmoja kiasi hicho, sembuse kampuni ambayo haijatoa hata wakia moja.

Na kuhusu shemeji, mwonyeshe barua hii yote, pamoja na sehemu ya mkopo. Usimpe neno la kuuza wala la kubaki kwa niaba yake. Kaeni na taarifa ile ya robo mwaka mezani, afanye yeye mwenyewe ile hesabu ya miezi. Akikuuliza kwa nini ulimwingiza, mwambie ulichokijua wakati ule na usichokijua. Anastahili kuusikia ukweli huo kutoka kwako.

Tarehe ya kizuizi kuisha imeandikwa katika tangazo la kampuni lililofunga mauzo yale, kwa kawaida aya ya mwisho au iliyo kabla yake. Kwa hesabu ya barua yako imebaki kama miezi miwili. Iandike kwenye kalenda, na orodha mbili za salio zitakazotoka baada ya hapo uzisome zote, ya Kanada na ya Marekani. Salio likishuka bila bei kusogea, utajua ni nani alikuwa akiuza. Lisiposhuka, niandikie tena, uniletee na ada ya kuazima.